Nukta ya Zhiyin na mtoto aliyetanguliza matako: uchambuzi wa kisa kimoja cha Guangzhou

Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa Kichina mjini Guangzhou, na kila alipoingia mgonjwa wa Kiswahili mwalimu wangu alikuwa akiniita nikatafsiri. Ndivyo nilivyokutana na mama huyu. Yeye na mumewe wameridhia kisa chao kisimuliwe. Nimeondoa majina, mwaka, jina la hospitali na chochote ambacho kingeweza kuwatambulisha. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Mama na safari yake

Mama alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, mimba yake ya pili. Wa kwanza alimzaa nyumbani Tanzania kwa njia ya kawaida, bila kushonwa hata uzi mmoja. Mumewe alikuwa akinunua mizigo Guangzhou na kuipakia kwenye makontena, naye mama alikuja kumtembelea kwa miezi michache. Mpango wao ulikuwa arudi na ndege mimba ikiwa na wiki 35, akajifungulie kwao, mama yake mzazi akiwa pembeni. Mashirika mengi ya ndege hayampandishi mjamzito akishapita wiki 36, kwa hiyo tarehe ile haikuwa na nafasi ya kusogezwa.

Kwenye kipimo cha wiki ya 32 daktari wa uzazi aliwaambia kichwa cha mtoto kiko juu na matako yako chini. Hilo peke yake si ajabu. Wiki ya 28, takriban mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa amekaa hivyo. Mimba inapotimia hubaki watatu au wanne kwa mia, maana wengine hugeuka wenyewe. Lakini mama alikuwa na tiketi mkononi, na rafiki yake alimwambia Wachina wana nukta kwenye kidole cha mwisho cha mguu ambayo ikipashwa moto mtoto anageuka. Akaja kwetu akiwa na wiki 33 na siku moja.

Nukta yenyewe

Inaitwa Zhiyin. Iko kwenye kidole kidogo cha mguu, upande wa nje, pembeni kidogo ya kona ya ukucha, kiasi cha milimita mbili hivi. Ukucha wa kidole hicho kwa watu wengi ni mdogo mno na mara nyingi umepasuka, hivyo kuipata kunataka mwanga mzuri na subira.

Katika elimu ya Kichina, nguvu ya mwili husemwa hupita kwenye njia maalumu zenye nukta, na njia ya kibofu ina nukta 67. Inaanzia kwenye pembe ya ndani ya jicho, inapanda utosini, inashuka mgongo mzima na nyuma ya mguu, na Zhiyin ndiyo ya mwisho. Jina lake lina maana ya kufikia yin (yin na yang ni pande mbili za nguvu hiyo zinazokamilishana), kwa sababu hapo njia ya kibofu, ambayo ni ya yang, inaikabidhi safari njia ya figo, ambayo ni ya yin. Kwa kuwa njia inaanzia kichwani, nukta hii ya kidoleni imetumika tangu zamani kwa maumivu ya kisogo na utosi, macho yanayouma, pua iliyoziba na kutokwa damu puani. Mwanafunzi mgeni hushangaa, lakini kanuni ni ileile inayorudi kila mahali kwenye akupancha, tiba ya sindano ya Kichina: ugonjwa wa juu tafuta dawa chini.

Matumizi yaliyoipa umaarufu ni ya uzazi: uchungu uliokwama, kondo la nyuma lililogoma kutoka, na mtoto aliyelala vibaya. Daktari wa zama za Tang (karne ya 7 hadi ya 10), Zhang Wenzhong, anatajwa kuwa alimtibu mama ambaye mtoto wake alikingama na kutanguliza mkono. Alichoma koni tatu za moksa, majani makavu ya dawa, kila moja ukubwa wa punje ya ngano, kwenye ncha ya kidole kidogo cha mguu wa kulia. Na kwa sababu nukta hii inaaminika kusukuma uzazi, madaktari wa Kichina huihesabu miongoni mwa zile zisizochomwa sindano ovyo kwa mjamzito. Kwa mtoto aliyekaa vibaya hutumika moto, si sindano.

Moto wenyewe ni wa moksa, yaani majani ya mmea wa jamii moja na pakanga yetu, yaliyokaushwa, kutwangwa hadi yakawa kama pamba, kisha kuviringishwa kwenye karatasi. Fimbo moja ina urefu wa sentimita 20 na unene wa kidole gumba. Siku hizo ilikuwa inakaribia Duanwu, sikukuu ya mwezi wa tano kwa kalenda ya Kichina, na mafungu ya majani hayo mabichi yalikuwa yakiuzwa sokoni na kutundikwa milangoni. Mama alinusa kwenye ngazi za kliniki akasema, "Dada, mbona hapa pananuka kama kwa bibi yangu?"

Siku ya kwanza: hapawashwi kitu kabla ya kipimo

Mama alikuja na karatasi ya ultrasaundi ya siku chache nyuma. Mwalimu wangu aliisoma, akaikunja, akamrudishia na kumtuma apimwe upya. Mume hakupenda, kwani ilikuwa gharama nyingine na foleni nyingine. Mwalimu alieleza kwa upole kwamba siku chache zinatosha mtoto kugeuka mwenyewe, na kama amekwisha geuka hakuna sababu ya kuchezea mguu wa mtu.

Kipimo kilionyesha bado matako yako chini. Kikaonyesha pia mambo ambayo mwalimu aliyahitaji zaidi: mtoto ni mmoja, kondo liko juu nyuma mbali na njia, maji ya uzazi yanatosha. Akauliza kuhusu damu, presha, upasuaji wa zamani, chupa kuvuja. Hakuna. Lingekuwapo lolote kati ya hayo, mama angerudishwa kwa daktari wa uzazi bila kiberiti kuwashwa. Akauliza swali la mwisho ambalo wengi hulisahau: je, miguu ina ganzi, au ana kisukari? Mguu usiosikia joto hauchomwi moksa.

Kisha akaanza. Mama akakojoa kwanza, akalegeza nguo ya kiunoni, akaegemea mito. Mwalimu alishika fimbo mbili, akaziweka sentimita mbili au tatu kutoka ngozini, dakika 15 kwa miguu yote miwili. Mkono wake wa pili haukuwa bure. Kidole chake cha shahada kilikaa muda wote karibu na kidole cha mama, kikisikia joto lilelile. Nililiona hilo, na sikulitilia maanani.

Mpango ulikuwa siku saba, mara moja kwa siku, mbili za kwanza kliniki na zilizobaki nyumbani mume akifanya, kisha kipimo siku ya nane.

Siku ya nne

Mimi ndiye niliyemfundisha mume, kwa Kiswahili. Nilimwonyesha nukta, namna ya kukung'uta jivu kwenye kopo, namna ya kuzima fimbo kwa kuifunika ndani ya chupa nyembamba, kwamba dirisha liwe wazi kwa ajili ya moshi. Nikamwambia, kama nilivyosikia kwa mwalimu na kusoma vitabuni: "Shemeji, endelea mpaka ngozi ianze kuwa nyekundu, hapo inatosha."

Mama yule alikuwa ametoka kwenye harusi wiki iliyotangulia. Miguu yake ilikuwa imepakwa hina kuanzia vidoleni, na piko limezungushwa juu yake kwa maua madogo madogo. Kidole cha mwisho kilikuwa kimezama chote kwenye rangi. Nilimsifia hata, nikamuuliza fundi ni nani. Sikuunganisha nilichokuwa nakiona na nilichokuwa nakisema.

Siku ya nne usiku mume alinipigia simu. Alikuwa ameshika fimbo huku akiongea na mteja kuhusu kontena. Alikuwa akiangalia wekundu na hakuuona. Mama alikuwa amesikia joto kali, akavumilia kwa kudhani ndivyo dawa inavyofanya kazi. Sasa kidole cha kulia kina lengelenge la ukubwa wa punje ya mahindi, na wamekwisha paka dawa ya meno.

Nilimwambia aioshe taratibu, mguu ukae chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, lengelenge wasilitoboe. Asubuhi mwalimu aliuangalia mguu, akaufunga, kisha akaniuliza nimemwambia mume nini hasa. Nikarudia maneno yangu. Alikaa kimya, akaangalia mguu wa mama, akaangalia mkono wangu, akasema, "Mimi kosa langu ni kukupa sentensi ya vitabu bila kufikiri inakwenda kwa nani."

Uamuzi wake ulikuwa kuacha kabisa mguu wa kulia, kuendelea na wa kushoto, na kwamba kuanzia siku hiyo kila kitu kifanyike kliniki. Angeweza kusimamisha matibabu yote. Aliniambia hakufanya hivyo kwa sababu jeraha lilikuwa dogo na safi, na wiki hizi za 33 hadi 35 ndizo moksa inapopewa nafasi yake. Baadaye mtoto anazidi kukua na nafasi ya kugeuka inapungua.

"Amegeuka"

Usiku wa siku ya tano mtoto alicheza kwa nguvu ambazo mama hakuwahi kuzisikia. Tumbo lilipanda upande mmoja likashuka upande wa pili. Alimpigia mama yake Tanga palepale, wakalia kwa furaha pande zote mbili za simu. Asubuhi mume alithibitisha tiketi. Mama aliniandikia ujumbe akishukuru na kusema hakuna haja ya kipimo cha siku ya nane, kwani yeye amezaa kabla na anamjua mtoto wake.

Hapa ndipo kisa hiki kilipokuwa na hatari ya kweli, kuliko kwenye lengelenge.

Nilimpigia. Mama yake mzazi alikuwa ameunganishwa kutoka Tanga kwenye laini hiyohiyo, naye ndiye aliyenijibu. Nikaamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, mimi tangu mwanzo nilitaka akandwe. Kwetu mkunga angemgeuza kwa mikono miwili. Lakini Mungu kamgeuza, basi mwacheni arudi."

Sikubishana naye. Nilimuomba kitu kimoja: kwa kuwa mwanawe atakaa zaidi ya nusu siku angani, na chupa ikipasuka huko hakuna wa kumsaidia, je, asingependa na yeye kuwa na uhakika? Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia binti yake, "Nenda ukapimwe."

Ultrasaundi ya siku ya nane ilionyesha mtoto amekingama. Kichwa kilikuwa ubavuni kushoto, matako ubavuni kulia. Kwa hiyo mama hakukosea kusema kwamba mtoto alisogea. Lakini mtoto aliyekingama haachi kitu cha kuziba njia chini, na chupa ikipasuka kamba ya kitovu inaweza kutoka mbele, damu ya mtoto ikakatika ndani ya dakika chache. Daktari wa uzazi alikataa kuandika barua ya kusafiria. Tiketi ikaachwa, na sehemu ya fedha ikapotea.

Mwalimu aliwapa nafasi ya kurudia siku saba nyingine kliniki, mguu wa kushoto tu, akiwaambia wazi kwamba hawezi kuahidi. Walikubali. Mwisho wa wiki hiyo mtoto alikuwa amerudi: matako chini, kama alivyoanza. Mwalimu akafunga faili la moksa. Mume aliuliza kama haiwezekani kuongeza wiki ya tatu, yuko tayari kulipa. Jibu lilikuwa hapana. Barua aliyoandika kwenda kwa daktari wa uzazi ilikuwa na kila kitu, pamoja na lengelenge.

Wiki ya 37

Daktari wa uzazi alipendekeza kumgeuza mtoto kwa mikono kutokea nje ya tumbo. Kwa jumla, karibu nusu ya majaribio hayo hufaulu, na mama aliyezaa kabla ana nafasi nzuri zaidi. Alieleza pia kwamba takriban mara moja kati ya 200 hutokea dharura inayohitaji upasuaji papo hapo, ndiyo maana hufanywa karibu na chumba cha upasuaji.

Niliingia kama mkalimani. Mapigo ya moyo wa mtoto yalipimwa kwanza, mama akapewa dawa ya kulegeza mji wa mimba, ultrasaundi ikawa kando. Daktari aliinua matako ya mtoto kutoka kwenye nyonga kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakisukuma kichwa taratibu kuelekea mbele. Mara ya kwanza mtoto alifika katikati akarudi. Mara ya pili tumbo lilibadilika umbo mbele ya macho yetu, na mama akasema, "Alaa!" kisha akashika mkono wangu. Mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka kwa sekunde chache, yakapanda, yakatulia. Walimfuatilia kwa muda, wakapima tena, wakamruhusu.

Alipompigia mama yake kumweleza jinsi ilivyofanyika, bibi alisema, "Si nilisema akandwe?" Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wakunga wetu wa pwani walijua tangu zamani kwamba mtoto anageuzika kwa mikono. Walichokosa ni kuona kondo liko wapi, kusikia moyo wa mtoto wakati mkono unasukuma, na mpasuaji mlango wa pili. Bila hivyo kondo linaweza kubanduka na asijue mtu mpaka mama amekwisha poteza damu. Ndiyo maana sitamshauri mjamzito yeyote akandwe tumbo nyumbani.

Mama alijifungua wiki ya 39, kichwa kikitangulia, kwa njia ya kawaida. Kidole kilipona na kubaki na alama ndogo.

Je, nukta ilifanya kazi?

Katika kisa hiki, hapana. Sitaki kuligeuza jibu hilo kwa kusema moksa "ilimuandaa" mtoto. Huenda ilimchangamsha, huenda mtoto angekingama hata bila moto wowote. Kisa kimoja hakiwezi kutenganisha mambo hayo.

Tafiti ndizo zinazoweza, nazo hazisemi neno moja. Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika jimbo la Jiangxi, China, na kuchapishwa mwaka 1998: wajawazito 260 wa mimba ya kwanza, wakiwa na wiki 33. Kufikia wiki ya 35, waliotumia moksa kwenye Zhiyin watoto 98 kati ya 130 walikuwa wametanguliza kichwa, na wasiotumia walikuwa 62 kati ya 130. Tofauti ni kubwa, lakini tazama hao 62: karibu nusu waligeuka bila chochote. Kila mmoja wao angechomwa moksa, angeisifu moksa. Utafiti wa Geneva wa mwaka 2009, uliochukua wanawake 212 wa wiki 34 hadi 36, ulipata asilimia 18 kwa waliotumia na 16 kwa wasiotumia, yaani hakuna tofauti ya maana. Wa Geneva walianza wakiwa wamechelewa zaidi, na hilo ni moja ya mambo yanayoweza kuwa yameleta tofauti hiyo.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti wa Jiangxi ambalo ningelijua vizuri mapema ningewaambia mume na mkewe siku ya kwanza. Wanawake waliotumia moksa walihesabu mtoto akicheza mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kucheza sana ni jambo la kutarajiwa kwa moksa, awe mtoto amegeuka au hajageuka. Mama alilichukua kama habari njema, wala sikuwa nimempa sababu ya kulichukua vingine.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa zaidi ni ukaidi wa mwalimu juu ya vipimo, kabla na baada. Bila kipimo cha siku ya nane mama angepanda ndege na mtoto aliyekingama. Kilichofaa pia ni kwamba idara mbili zilikuwa zikiandikiana. Hakuna siku mama alilazimika kuchagua kati ya dawa ya Kichina na daktari wa uzazi, kwa hiyo moksa iliposhindwa njia ya pili ilikuwa wazi na kwa wakati.

Kilichoharibika kilianzia kwenye neno "nyekundu". Sentensi ile iliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yangu na ya mama yule, wekundu huchelewa kuonekana au hauonekani kabisa, na hina iliyokolea huficha hata kidogo ambacho kingeonekana. Mimi ni mweusi, nimekulia pwani, nimepaka hina tangu utoto, na bado niliitafsiri neno kwa neno. Ningekuwa nimefikiri, ningemwambia mume afanye alichofanya mwalimu kwa mkono wake wa pili bila kusema. Ningemwambia na mama kwamba joto linatakiwa liwe la kupendeza, na likianza kuuma aseme. Wanawake wetu wamefundishwa kuvumilia maumivu ya uzazi tangu mbali, na mtu asipowaambia kwamba hapa hakuna kuvumilia, watavumilia.

Kumwachia mume kazi siku ya tatu pia kulikuwa mapema mno. Siku mbili alizotazama alikuwa na simu mkononi, nami niliona. Ningemtaka aishike fimbo mbele yangu kwa dakika zote 15.

Karatasi ya maelekezo ya Kiswahili ya kliniki ile niliiandika upya kabla sijamaliza masomo. Neno wekundu halimo. Mstari wa kwanza unasema: weka kidole chako mwenyewe kando ya kidole cha mama, na kisitoke hapo mpaka fimbo izimwe. Wa pili unasema simu iachwe chumba kingine. Wa tatu umeandikwa kwa herufi kubwa, na una tarehe ya ultrasaundi ambayo mama haondoki kliniki bila kuijaza.